Viwashio vya moto vya kutengeneza nyumbani vinagoma kushika. Kosa liko wapi?

PwaniKambini

Salaam wadau kutoka Mombasa. Nahitaji jicho la wanaojua. Ni viwashio vya kuwashia kuni na makaa kambini Shimba Hills, hifadhi ya wanyama Kwale, Kenya, mwezi wa tano, watu wanane, kulala siku mbili. Vile vyeupe vya dukani sivitaki kwa sababu vinanuka mafuta ya taa na harufu inaingia kwenye nyama.

Nilichofanya: trei moja ya mayai ya karatasi, mashimo 30. Nikajaza unga wa mbao kutoka kwa seremala, nikashindilia kwa kijiko hadi juu. Nikayeyusha gramu 300 za mishumaa myeupe ya kawaida, nikamimina juu mpaka uso wa kila shimo ukafunikwa. Nikaacha pagande, nikakata kimoja kimoja.

Matokeo: njiti ya kiberiti inaunguza ukingo wa karatasi, halafu moto unakufa. Vichache vilivyoshika vinapasukapasuka, vinazima ndani ya dakika tatu. Nikipasua kimoja, nta imekaa juu kama kifuniko na chini ni unga mkavu.

Niongeze nta au nipunguze? Je, mafuta ya nazi yanaweza kushika nafasi ya mishumaa? Na wanaosema nilowanishe unga kwa mafuta ya taa basi yaishe, wana hoja?

---

Randa_na_Msumeno

Kosa laonekana hata bila picha. Yako manne, na mengi yanaanzia kwenye huo unga.

Nta ndiyo chakula cha moto, nyuzi za mti ndizo utambi. Nta haiwaki ikiwa ngumu, wala haiwaki ikiwa majimaji. Hupanda kwenye utambi, ikapata joto ikageuka mvuke, na huo mvuke ndio unaowaka. Kata mshumaa utambi wake kisha uuwashe kwa njiti uone. Wewe umeweka chakula juu na utambi chini, na baina yao hakuna njia. Uso wa nta tupu usiochomoza unyuzi hata mmoja ndio huo mshumaa uliokatwa utambi.

Jingine ni kwamba unga laini wa msumeno ukishindiliwa hauna mianya. Nta ya moto ikigusa unga wa baridi huganda kabla haijashuka sentimita moja. Tumia maranda, yale maganda membamba yanayojikunja kwenye randa. Yakiwa machache, changanya maranda vikombe vitatu kwa unga kikombe kimoja. Na usimimine nta juu yake. Tia maranda ndani ya nta iliyoyeyuka, koroga kwa kijiti mpaka yote yang'ae, ndipo ujaze mashimo kwa kijiko. Bonyeza kidogo tu, uache uso wenye manyoyamanyoya. Uso laini wapendeza macho lakini haushiki moto.

Halafu kipimo. Gramu 300 kwa mashimo 30 ni gramu 10 kila shimo, karibu nusu ya kinachotakiwa. Shimo la trei huchukua kama mililita 35. Kwa mashimo 12 pima gramu 240 za nta na vikombe viwili vya maranda (kikombe cha mililita 250). Trei nzima ni gramu 600 na vikombe vitano. Hapo kila kimoja kitawaka kati ya dakika 8 na 12. Ukizidisha nta mpaka ielee juu ya maranda, utakuwa umezamisha utambi na umerudi ulipoanzia.

Kule kupasukapasuka ni maji. Maranda hulala chini kwenye karakana na hewa ya Mombasa ina unyevu usiku na mchana. Yatandaze juu ya bati, safu isiyozidi unene wa kidole, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, uyageuze mara mbili. Yaingize ndani na uyatie nta siku hiyohiyo, maana ukiyalaza hadi kesho yatakuwa yameshakunywa unyevu upya. Mwezi wa Mei jua ni la kubahatisha, kwa hiyo mbadala ni kuyakaanga kwenye sufuria pana, moto mdogo, dakika 15 bila kuacha kukoroga. Yakianza kubadilika rangi umechelewa kuyaepua.

Muulize fundi alikuwa akikata nini. Unga wa MDF (mbao za kiwandani za unga wa mti uliogandishwa) na plaiwudi umejaa gundi, na moshi wake si wa kukaa karibu na chakula. Hatari zaidi ni nguzo na mbao za rangi ya kijani zilizotibiwa dhidi ya mchwa: nyingi zimetiwa shaba, kromiamu na aseniki, na majivu yake ni sumu. Hizo usichome kabisa, hata kama ni vipande vikubwa vya kuni.

Kuyeyusha: mkebe wa maziwa ya unga ndani ya sufuria, mawe mawili madogo chini ya mkebe, maji ya kina cha vidole vitatu. Nta ya mishumaa huyeyuka kati ya nyuzi 50 na 65, na maji hayavuki 100, kwa hiyo hakuna pa kuharibikia. Ukiuweka mkebe moja kwa moja juu ya jiko, nta itapanda hadi nyuzi 200 na zaidi, na hapo mvuke wake huweza kushika moto. Ikitokea, zima jiko na ufunike mkebe kwa kifuniko cha chuma. Maji hapana! Maji yakiingia chini ya nta ya moto hugeuka mvuke ghafla na kuirusha nta inayowaka hadi dari.

Tambi za mishumaa usizitupe. Zikatekate uzitie kwenye mchanganyiko.

---

Makumbi_Mtwapa

Amesema kweli tupu. Ila yakhe, uko Mombasa halafu wahangaika na maranda ya seremala? Makumbi, maganda ya nje ya nazi yenye nyuzi, yajaza mitaro kila penye kifuo, wanapofua nazi.

Angalia lakini: makumbi ya dafu si ya kazi hii. Ni mabichi, yana maji, na yakikauka hukunjamana yakawa magumu. Taka makumbi ya nazi iliyokomaa, ya kahawia tangu nje mpaka ndani.

Yaanike siku mbili. Yaponde kwa nyundo au mchi juu ya jiwe mpaka nyuzi ziachane, kisha uyakung'ute juu ya gunia. Utaona unga wa kahawia unamwagika. Huo utupe wote. Ni sponji, hunywa maji mara kadhaa ya uzito wake, na ndio unaofanya makumbi yafuke badala ya kuwaka. Kinachobaki mkononi ni usumba, nyuzi tupu.

Viringisha usumba upate donge la ukubwa wa yai la kuku, legevu, uweze kulibonyeza kwa vidole viwili likarudi. Lifunge kwa unyuzi wake wenyewe. Chovya nusu yake tu kwenye nta, hesabu mpaka tano, inua, acha idondoke, weka juu ya bati. Nusu kavu ndiyo unayoipelekea njiti. Donge moja hula gramu 10 hadi 12 za nta na huwaka dakika tano hivi. Ni chache kuliko za maranda, lakini hushika haraka hata njiti ikiwa imebaki nusu. Anayelichovya lote ndiye huyo anayerudi kulalamika kuwa halishiki.

Vya kukoleza moto wako navyo vitoke kwenye mnazi huohuo. Fagio kuukuu la chelewa likate vipande vya shubiri moja, konzi nzima, utandaze juu ya kiwashio. Chelewa ni nyembamba, kavu, na zina hewa baina yake. Juu yake vifuu vilivyovunjwa vipande vya upana wa vidole viwili. Kifuu hukawia kidogo, lakini kikishika hutoa joto kali linaloamsha makaa au kuni nene. Moshi wake wa mwanzo ni mweusi na wa mafuta, basi mishkaki isubiri mpaka ukome. Karara lililokauka, lile ganda linalofunika shada la maua ya mnazi, huchanika vipande virefu, zuri kwa kuhamisha moto kutoka jiko moja hadi jingine. Na kile kilifu, kama kitambaa cha gunia kinachokumbatia mashina ya makuti, ukikata mraba wa kiganja unaweza kufungia maranda yaliyotiwa nta. Wakati huo trei huihitaji tena.

Mafuta ya nazi: hapana. Yayeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 tu. Ndiyo maana ya duka la hapa ni maji na ya Nairobi yameganda. Utafika Shimba na mkoba uliolowa, na siafu wamekutangulia. Mafuta mgando ya kupikia nayo hapana, huongeza harufu ya chakula kwenye hema, mahali penye nyani.

Mafuta ya taa hushika moto, hilo siwezi kukana. Lakini huvuja, hunuka, huvukiza, na atakayeona moto wazubaa atataka kuongeza kidogo juu ya makaa mekundu. Mvuke hulipuka usoni kabla chupa haijainuliwa vizuri.

---

Chuma_Chakavu

Mnajichosha bure. Maganda ya korosho! Kilifi na Kwale kote yapo. Yana mafuta yake ndani, hayahitaji nta wala kupondwa. Njiti moja, moto hadi magotini.

---

Makumbi_Mtwapa

Yawaka, ndiyo, na hayo mafuta ndiyo balaa lenyewe. Ni makali, hubabua ngozi. Wabanguaji hujipaka majivu au mafuta mikononi kwa sababu hiyo, na wanaokaanga korosho hukaa upande wa upepo. Moshi wake hukereketa macho na koo, na ukiuweka chini ya chakula wajipikia dawa ya malengelenge. Kwenye jiko la kupikia yaache.

Maadamu tumefika huko: kuni za mnyaa za uani pia zitolewe orodhani, hata zikikauka. Utomvu wake unajulikana kwa macho, na moshi ni vivyo hivyo.

---

Kandili

Niongeze aina ya tatu, ndogo, ya mfukoni, maana maranda na makumbi yote mawili yanataka njiti au laita. Laita ikiingia maji umebaki na chuma cha cheche tu, na cheche hazishiki kwenye nta.

Pamba na Vaseline. Pamba iwe pamba kweli. Ile ya vipodozi wakati mwingine ni ya nyuzi za plastiki, na utaijua kwa kuchoma kipande: pamba huacha jivu, plastiki hukunjamana ikawa tone gumu. Chukua donge la ukubwa wa ndimu, nusu kijiko cha chai cha Vaseline, sugua kwa nje tu na uache kiini kikavu. Wengi huikanda mpaka yote iloe, halafu cheche zinateleza. Wakati wa kuwasha lichane katikati, livute nyuzi mpaka lifanane na wingu, na ulenge cheche hapo pakavu. Litawaka dakika tatu hadi tano.

Mtandaoni wanashauri kuzifunga ndani ya mirija ya kunywea soda na kuziba ncha kwa moto. Shimba Hills usijaribu. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja, mirija ikiwemo, haziruhusiwi katika hifadhi, misitu na fukwe zinazolindwa. Kikopo cha bati cha dawa ya kuchua, kilichosafishwa, hubeba madonge kumi na mfuniko wake hubana.

Ubani pia hushika moto, ila uacheni kwenye chetezo, bei yake si ya kuwashia ugali.

---

PwaniKambini

Nimewaelewa. Nimepima upya, mashimo 12 kwa gramu 240, na sasa vinashika kwa njiti moja. Kimoja kimekwenda dakika 9. Makumbi yako kwenye bati.

Mawili yamebaki. Nibebe vingapi? Na kuni zikilowa na upepo ukawa mkali, kiwashio cha dakika 9 kitatosha?

---

Kusi_na_Kaskazi

Hesabu mioto, usihesabu siku. Kulala siku mbili ni mioto mitano: jioni ya kufika, asubuhi, mchana, jioni, na asubuhi ya kuondoka. Kiangazi kiwashio kimoja kwa moto kingetosha. Mei ni kilele cha masika, weka viwili kwa kila moto, ongeza sita vya akiba. Kumi na sita.

Dakika 9 zatosha ikiwa hujazipoteza kutafuta vijiti wakati kiwashio kimeshawaka. Panga kila kitu kwanza, njiti iwe ya mwisho. Na kiwashio hakikaushi gogo lililolowa, usikidai hivyo. Kazi yake ni kuwasha vitu vyembamba, vyembamba viwashe vya unene wa kidole, vya kidole viwashe vya unene wa kifundo cha mkono. Ukiruka ngazi moja, hata viwashio vitano havitakuokoa.

Tawi lililonyeshewa huwa limelowa ganda tu kama lilikuwa limekauka tangu awali. Lipasue kwa panga vipande vinne, utoe moyo wake, uchonge vipande vyembamba kutoka ndani. Ganda lililolowa litupe pembeni. Kuni za awamu inayofuata zipange kuzunguka moto, umbali wa shubiri mbili, zikauke huku mnakula. Kabla ya hayo yote, ulizeni langoni kuhusu kuni. Ndani ya hifadhi si kila kilichoanguka ni chenu kuokota, na wengi huona heri kuingia na gunia la makaa.

Kwa upepo, magogo mawili mazito sambamba, nafasi ya kiganja kimoja baina yake, kiwashio katikati, chelewa na vifuu juu yake vikiegemea magogo yote mawili. Mdomo mmoja wa huo mfereji uelekee upepo, ila weka jiwe mbele yake uzibe nusu. Kusi inatoka kusini-mashariki wakati huo, ingawa msituni huzunguka, basi rusha majani makavu kidogo uone yanakwenda wapi. Upepo ukiingia wote, huondoa joto kabla kuni hazijalipata. Ukizibwa wote, ni moshi mtupu.

Ardhi ikiwa imelowa, tandaza vipongoo vikavu (mashina ya makuti) au vijiti vya unene wa kidole gumba kama jamvi, kiwashio kikae juu yake. Nta ikiyeyukia kwenye tope ni chakula kilichomwagika.

Makaa ni tofauti. Kiwashio chini katikati ya jiko, makaa madogo yamesimama kukizunguka kama kibanda, mlango uachwe upande wa njiti. Usiyamwage juu yake kwa pupa. Dakika 9 zikiisha, makaa manne au matano yawe yana kingo nyeupe, hapo ndipo kupepea kunaanza. Ukipepea mapema unakizima.

---

Kandili

Usafiri: gari lililoegeshwa juani Likoni likisubiri feri hufikia joto la kuyeyusha nta, hasa juu ya dashibodi. Funga kila kiwashio kwa kipande cha gazeti, uvipange kwenye mkebe, uuweke chini ya kiti. Gazeti lenyewe litakuwa la kuwashia.

---

Chuma_Chakavu

Korosho nimeiacha. Je, vumbi la makaa ndani ya nta badala ya maranda?

---

Randa_na_Msumeno

Kidogo linafaa, lote halifai. Makaa hayana mwali wa maana, yanang'aa tu, na kiwashio kinatakiwa kitoe mwali. Pia hayana nyuzi, kwa hiyo utambi umekosekana tena. Kijiko kimoja cha chakula kwa kila kikombe cha maranda huacha kaa jekundu mwishoni, dakika mbili tatu za ziada baada ya mwali kufa. Zaidi ya hapo mwali unadumaa.

---

Makumbi_Mtwapa

Kwa watakaohamia ufukweni Tiwi au Diani baadaye: moto usizimwe kwa kufukiwa mchanga. Mchanga hutunza joto kwa saa nyingi na juu hauonyeshi kitu, asubuhi mtoto akapita peku. Mwagia maji ya bahari, koroga, mwagia tena, gusa kwa nyuma ya mkono. Na msimu wa kasa kutaga, moto uwe mbali na ufuo, kwani vifaranga hufuata mwanga wakidhani ndiyo bahari.

---

Randa_na_Msumeno

PwaniKambini, kabla hujafunga mkoba tia kiwashio kimoja ndani ya bakuli la maji dakika kumi. Kitoe, kikung'ute, kifute kwa kitambaa, kiwashe. Kikishika ndani ya njiti tatu, umemaliza. Kikikataa, tazama kilipoingilia maji: kama ni chini, karatasi ya trei ndiyo iliyonyonya, basi vyote vilivyobaki vichovye vitako kwenye nta, kina cha sentimita moja. Juu usiguse.

---

PwaniKambini

Kimeshika njiti ya pili. Vitako nimevichovya hata hivyo.